Nani Alimsoma Rosa? Riwaya ya Kezilahabi Mbele ya Wasomaji Wake

(Mhadhara uliotolewa Kampala kwa walimu wa Kiswahili na wapenzi wa fasihi)

Naujua msongamano wa Wandegeya saa hizi za jioni. Aliyefika hapa kwa wakati ama ametoka kwake mchana, ama amepanda boda boda na kumwachia Mungu mengine. Sitawalipa fadhila hiyo kwa kuwapotezea muda.

Niliombwa nizungumze juu ya riwaya na vijana. Mada hiyo haina mwisho, nami nimeikata. Nitazungumzia riwaya moja tu, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, na hasa watu walioisoma tangu ilipotoka mwaka 1971. Kusudi langu ni kuonyesha kwamba waliotaka kuizuia hawakuidhuru sana. Tulioidhuru ni sisi walimu, baada ya kuikubali. Nina hoja nne. Katika moja nitawaita wanafunzi wangu waseme, na wanafunzi hawajui kufupisha, kwa hiyo msitarajie hoja hizo zilingane urefu.

Naomba pia mniruhusu kusema kwa nini nimeshikilia kuzungumza kwa Kiswahili, ingawa wapo walionishauri vingine. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, na sharti la kualikwa lilikuwa kuandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi wa Makerere mwenye hadithi fupi chache tu zilizochapishwa, alikuwamo. Shaaban Robert hakuwamo, na alifariki mwezi huohuo. Tangu hapo mji huu una deni kwa fasihi ya Kiswahili, na mimi ni mmoja wa wadaiwa.

Kwa ambao hawajaisoma riwaya yenyewe, na hapa Uganda ni wengi, nitaieleza kwa ufupi. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, ng'ambo ya ziwa hilihili tunalolitazama tukiwa Ggaba. Alisoma seminari, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na alikuwa na miaka 27 kitabu kilipotolewa na East African Literature Bureau, shirika lililohudumia nchi zetu tatu. Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria na Regina. Baba ni mlevi, na malezi yake ni fimbo. Barua moja ya mvulana aitwaye Charles inamletea Rosa kipigo ambacho msomaji hakisahau. Anakua akiwaogopa wanaume, anapelekwa shule ya bweni, na siku mlango wa ulimwengu unapofunguka hajui lolote, kwa kuwa hakuna aliyemwambia lolote. Wanaume wanamchezea, kisha naye anajifunza kuwachezea. Mimba inatolewa. Anasomea ualimu Morogoro, anatamani kuanza upya na Charles yuleyule wa zamani, uchumba unavunjika kwa sababu ya yale aliyoyapitia, na Rosa anajiua.

Kijana anayejihisi mgeni nyumbani kwao si jambo lililotufikia kwa meli. Mwaka 1953 shirika hilohilo, kwa nembo yake ya Eagle Press, lilitoa riwaya ya Kiacholi ya Okot p'Bitek, Lak Tar, juu ya Okeca, kijana anayekuja Kampala kutafuta mahari na kukuta mji usiomjali. Wamarekani wana Holden Caulfield wa J. D. Salinger, katika The Catcher in the Rye ya mwaka 1951, na nitamgusa baadaye. Lakini leo mwenyeji wetu ni Rosa.

Hoja ya kwanza: waliokasirika walikuwa wamesoma vizuri.

Rosa Mistika ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania muda mfupi baada ya kutoka. Sababu iliyosikika sana ni kwamba inazungumza mambo ya kitandani waziwazi, tena mbele ya watoto. Tukumbuke hali ya wakati ule. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka minne. Taifa lilitaka vitabu vinavyojenga, na mwalimu, bwana maendeleo na mkuu wa chuo walikuwa nguzo za ujenzi huo. Tena jina lenyewe la riwaya ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania ya Loreto. Mkatoliki aliyelifungua jalada akitarajia ibada alikutana na binti anayetoa mimba.

Kwa kawaida sisi wasomi huwacheka waliopiga marufuku kitabu. Tunasema hawakukielewa. Mimi nadhani walikielewa kuliko wengi waliokisifu baadaye. Hesabuni watu wazima wenye cheo wanaokutana na Rosa: baba anampiga, afisa anayelipwa kuwaletea wanakijiji maendeleo anamharibia maisha, mkuu wa chuo anamfanya mpenzi wake. Padri anaweza kusamehe maneno machafu. Ofisi haisamehe kuonyeshwa hivyo. Malalamiko yalikuwa juu ya lugha, kwa sababu ndiyo yaliyoweza kusemwa hadharani. Kilichochoma ni mashtaka.

Na marufuku ilifanya kazi ambayo marufuku hufanya kila mahali: ilikitafutia kitabu wasomaji. Miaka ilipopita riwaya ileile ikaingia katika orodha ya vitabu vya sekondari, Tanzania na Kenya pia. Marekani yalitokea mambo yanayofanana. Mwaka 1960 mwalimu mmoja wa Tulsa, Oklahoma, alifukuzwa kazi kwa kuwapa wanafunzi wa kidato cha juu The Catcher in the Rye. Alirudishwa baada ya rufaa, lakini kitabu hakikurudi darasani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 riwaya hiyo ilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyopingwa zaidi na vilivyofundishwa zaidi nchini humo, kwa wakati mmoja. Wala tusidhani mchezo huu umekwisha kwetu. Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania iliviondoa shuleni vitabu 16 vya watoto, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na maadili. Silinganishi uzito wa vitabu hivyo na wa Rosa. Nataka tu mwone kwamba mtoto wa kubuni anayewacheka wakubwa bado anaweza kuiamsha wizara.

Hoja ya pili: vijana wa hapa wanauliza swali ambalo wahakiki hawakuliuliza.

Hapa ndipo nitakapokaa.

Niliisoma riwaya hii na kundi la wanafunzi wa Kampala, wavulana kwa wasichana, sura baada ya sura, bila mwongozo na bila mtihani. Nilitarajia wazungumzie ulevi wa Zakaria, maana uhakiki wote niliousoma huanzia kwake. Walimtupia jicho, wakampita. Msichana mmoja wa Mityana akauliza: "Mwalimu, senga wake alikuwa wapi?"

Wageni wetu kutoka pwani wataniwia radhi nieleze. Senga, kwa Baganda, ni dada wa baba. Kazi yake, pamoja na mengine, ni kumkalisha mpwa wake wa kike na kumwambia yale ambayo mama anaona haya kuyasema na baba hathubutu: mwili, wanaume, ndoa. Msichana yule hakuwa akitetea mila. Alikuwa akiisoma riwaya kama mtu anayehesabu watu chumbani na kugundua mmoja hayupo. Kwake, kosa la Zakaria si kwamba alikuwa mkali. Wazazi wake mwenyewe ni wakali, alisema. Kosa ni kwamba kati ya ukali wa baba na unyonge wa mama hapakuwa na mtu wa tatu.

Kijana wa Gulu akadakia. Kwao palikuwa na wang oo, moto wa jioni ambapo wakubwa waliwasimulia vijana mambo ya dunia. Yeye amezaliwa baada ya familia yake kukaa kambini miaka mingi wakati wa vita, ambako hakuna aliyeota moto usiku nje ya nyumba yake. Wang oo anaijua kwa kusimuliwa tu. Kwa hiyo, alisema, kijiji cha Rosa hakimshangazi, yeye amekulia ndani yake. Darasa lilinyamaza kidogo, kisha likaanza kubishana kwa nguvu zaidi.

Maana hoja ya senga haikuachwa ipite hivihivi. Msichana mwingine, mkali wa maneno kuliko wote, alisema senga wa leo yuko redioni na kwenye simu, analipwa, na somo lake kubwa ni jinsi ya kumpendeza mume. Akasema Rosa angekuwa na senga wa namna hiyo, angejifunza kujificha vizuri zaidi, basi. Charles angedanganyika, ndoa ingefungwa, na sisi tungekuwa na riwaya fupi yenye mwisho mwema na uongo ndani yake. Wavulana walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekaa na kitabu hiki miaka mingi na sikuwa nimeliona hilo: kwamba Charles anataka usafi ambao hakuna mtu aliyemuuliza yeye kama anao.

Basi huyo ndiye msomaji ninayemzungumzia, Mheshimiwa Mwenyekiti, anayeleta jamaa zake ndani ya kitabu na kuwauliza maswali humo.

Wachache wao walikuwa wameisoma pia The Catcher in the Rye, katika nakala kuukuu za kando ya barabara. Mapokezi yalikuwa baridi, na sababu zao zinastahili kusikilizwa. Holden ana pesa za hoteli. Anazunguka New York siku kadhaa akilalamika kwamba watu wote ni wanafiki, na mwanafunzi ambaye ada yake imepatikana kwa kuuza ng'ombe hana subira na malalamiko hayo. Kufukuzwa shule, kwa mtoto wa hapa, ni msiba wa ukoo mzima. Lakini palikuwa na sehemu moja iliyowagusa wote: Holden anaondoka bweni kabla ya siku yake, na hataki kufika nyumbani mpaka barua ya mkuu wa shule iwe imewafikia wazazi na hasira ya kwanza imepoa. Hapo kila aliyewahi kubeba sanduku la bati na godoro lililokunjwa alimtambua. Tumelelewa na mabweni. Gayaza imekuwapo tangu 1905, Budo na Kisubi tangu 1906, na ukitaka kujua kijana wa Uganda alianza lini kuwaambia wakubwa kwamba hasikilizwi, soma habari za machafuko ya Budo ya mwaka 1942 yaliyofanya shule ifungwe, au mgomo wa chakula wa Makerere wa 1952 uliomfukuzisha mwanafunzi Abu Mayanja. Chakula kilikuwa chakula, ndiyo. Na palikuwa na zaidi ya chakula.

Wavulana walimpenda zaidi Mugezi, wa Abyssinian Chronicles ya Moses Isegawa, mtoto wa Kawempe aliyeitoa riwaya yake kwanza Uholanzi mwaka 1998. Mwandishi huyu naye alipitia seminari kama Kezilahabi, naye anaandika nyumba ya Kikatoliki inayotawaliwa kwa kiboko, isipokuwa kwake mwenye kiboko ni mama. Mugezi anajibu mapigo kwa hila na kisasi. Rosa hajibu. Wasichana walisema jambo hilo haliwashangazi: mvulana mkorofi huitwa mjanja na hupata riwaya nene, msichana mkorofi huitwa jina ambalo sitalitaja mbele ya wazee. Nawaachia wahakiki.

Hoja ya tatu: lawama ya kukata tamaa.

Wahakiki wa miaka ya ujamaa walimlaumu Kezilahabi kwamba haonyeshi njia. Kichwamaji ilipotoka mwaka 1974, ikiwa na Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu asiyeona maana ya kuishi, lawama hiyo ikapata nguvu. Walitaka kijana anayeamka, anayejiunga na wenzake, anayejenga. Siwadharau; walikuwa na nchi ya kujenga. Ila walidai kutoka kwa riwaya kitu ambacho Zakaria pia alikidai kutoka kwa binti yake, yaani tabia njema mbele za watu.

Lakini lipo jambo moja ambalo hatuwezi kulipita. Katika Rosa Mistika msichana anajiua, na sisi tunaipeleka mabwenini. Katika nchi yetu sheria ya jinai imekuwa ikihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo mwanafunzi mwenye mawazo hayo ana sababu mbili za kunyamaza, aibu na polisi. Mwalimu anayeifundisha sura ile kwa haraka ili awahi sura inayofuata anafanya jambo la hatari. Asome polepole, aulize, na ajue kabla ya kipindi ni nani shuleni mwake mwanafunzi anaweza kwenda kuzungumza naye. Kama hayupo, atafute mtu huyo kwanza, kitabu kitasubiri.

Hoja ya nne: mtihani umefanya yale ambayo marufuku haikuweza.

Kitabu kikishakuwa kitabu teule, hutokea mwongozo. Kwa mwongozo, Rosa Mistika ina dhamira kadhaa, wahusika wakuu na wadogo, mandhari, tamathali za usemi na falsafa ya mwandishi, kila kimoja kwenye kisanduku chake. Zakaria ni mlevi, ni katili, hafai kuigwa na jamii. Rosa ni mpole, kisha ni mhuni, hafai kuigwa na jamii. Mwanafunzi hukariri, huandika, hupata alama, na huenda hajaifungua riwaya. Nimesahihisha insha za namna hiyo na nawaambia zinafanana kama sare za shule. Nyingi hufungwa kwa methali, na mara nyingi ni ileile: samaki mkunje angali mbichi.

Sasa tazameni kilichotokea. Zakaria ndiye aliyeishika methali hiyo kwa mikono miwili. Alimkunja samaki wake akiwa mbichi, akamkunja hasa, na riwaya nzima inaonyesha matokeo yake. Mwanafunzi anamaliza insha kwa kumpa Zakaria haki, na anapewa alama kwa kufanya hivyo. Kitabu kilichowashtaki wakubwa kimegeuzwa kuwa onyo kwa wasichana. Waliokipiga marufuku angalau walijua nani anashtakiwa. Sisi tumeificha hati ya mashtaka ndani ya jedwali la wahusika.

Rosa hayuko peke yake. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, inamhusu Maimuna, binti wa Zanzibar anayefungiwa ndani na baba yake Maksuudi, mwanasiasa mwenye heshima za nje. Ilisomwa miaka mingi katika sekondari za Kenya, na walimu wenzangu wa huko wananiambia Maimuna alipatwa na yaleyale: aliondoka darasani akiwa mfano wa binti aliyepotoka.

Kwa nini nawaeleza haya nyinyi, hapa, ambapo fasihi ya Kiswahili shuleni ingali changa? Kwa sababu hiyohiyo. Katiba yetu iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kwamba lugha hii ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tunajua jinsi inavyochechemea: walimu ni wachache, vitabu ni haba, na wazazi wengi bado wanaisikia kama lugha ya kizuizi cha barabarani na bunduki. Ila kuna faida katika kuchelewa. Tanzania na Kenya wana mazoea ambayo ni lazima wayavunje kabla ya kujenga. Sisi hatuna. Takriban nusu ya wananchi wa Uganda wako chini ya miaka 18, na wengi wao wataikuta riwaya yao ya kwanza ya Kiswahili mikononi mwa mmoja wenu.

Maombi yangu basi ni machache. Wenzetu wa mitaala na mitihani: mkipanga fasihi ya Kiswahili, wekeni swali ambalo haliwezi kujibiwa na mtu aliyesoma mwongozo tu. Mwulizeni mwanafunzi ni nani amekosekana katika nyumba ya Rosa, na mkubali majibu yatofautiane. Wachapishaji: mwaka 2025 Rosa Mistika ilitolewa kwa Kiingereza na chuo kikuu cha Yale, miaka 54 baada ya kutoka kwa Kiswahili, na bado sijaiona kwa Luganda wala kwa Kiacholi; wenye kuweza kazi hiyo wamo ukumbini humu. Walimu: wapeni wanafunzi riwaya kwanza, ikiwa nakala ni tano kwa darasa zima isomwe kwa sauti, na mwongozo ukae kabatini mpaka wawe wamegombana juu ya kitabu walau vipindi viwili. Wazazi: mtoto wenu akiwauliza swali gumu baada ya kusoma, msimfuate mwalimu na fimbo. Mjibuni.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimemaliza. Naambiwa tuna nusu saa ya maswali. Naomba kipaza sauti kianzie kwa wanafunzi walioketi nyuma, na sisi wazee tusubiri zamu yetu.